Sindano Saba

Siku ya tano tangu Kifungo afe, Pindo alikataa hata maziwa. Kisahani kilikaa chini ya meza ya kukatia nguo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, maziwa yakaota utando, na paka mwenyewe alikuwa amelala ndani ya kapu la vitambaa, macho wazi, kama mtu aliyekaa mapokezi akisubiri jina lake liitwe.

"Ni majonzi," alisema bibi kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Mwacheni. Hata mimi baba yenu alipofariki nilikaa wiki nzima sijui ladha ya chumvi."

Hakuna aliyembishia. Mtaa mzima ulijua jinsi paka wale wawili walivyokuwa chanda na pete. Waliletwa pamoja wakiwa wachanga ndani ya boksi la nyuzi, na fundi, mama wa nyumba ile, ambaye cherehani yake ilikuwa pale pale sebuleni, akawapa majina ya kazi yake. Mwenye doa jeusi la duara puani akawa Kifungo. Mwenye mkia mweusi ulioishia kwa mstari mweupe akawa Pindo. Kwa miaka mitano walikula kisahani kimoja na kugombania kapu moja. Kisha lori la mchanga likarudi nyuma bila dereva kutazama, na Kifungo, aliyekuwa na mazoea ya kuota jua barabarani kana kwamba yeye ndiye anayelipia lami, hakuwahi kuamka.

Siku tatu za kwanza Pindo alizunguka nyumba akilia. Alinusa uvungu wa kitanda, akanusa viatu, akakaa mlangoni. Siku ya nne akanyamaza, na watu wa nyumba wakashukuru wakisema ameanza kuzoea. Ndivyo tulivyo binadamu. Anayelia tunamwona mgonjwa, akinyamaza tunasema amepona.

Nyumba yenyewe ilikuwa na watu watatu tu, maana watoto wawili wa fundi walikuwa shule za bweni. Kulikuwa na fundi. Kulikuwa na mumewe, msoma mita wa idara ya maji, ambaye mtaani walimwita Bwana Mita na nyumbani pia jina likamfuata. Na kulikuwa na mama yake Bwana Mita, bibi huyo wa dirishani, aliyefanya kazi ya kushona kola za mashati kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja.

Bibi alikuwa amenyang'anywa vitu kimoja baada ya kingine. Lilianza jiko, siku alipolisahau likiwaka na sufuria ikaungua mpaka ikatoboka. Zikafuata funguo za nyumba. Ukafuata mkasi mkubwa. Kila kitu kilichukuliwa kwa mapenzi, kwa sauti ya upole, na hakikurudi. Kilichobaki kilikuwa bati dogo la mviringo lenye sindano saba, na bibi aliyalinda yale mabaki ya utu wake kwa sheria aliyotoka nayo kiwandani. Kule sindano ikivunjika hupewi nyingine mpaka urudishe vipande vyote, hata ncha iliyo ndogo kama chembe ya mchele. Kikikosekana kipande, mstari mzima wa mashine unasimama na watu wanapiga magoti sakafuni.

"Sindano siyo kitu cha kusema iko mahali fulani," alipenda kusema. "Iko wapi, ndiyo swali."

Fundi alimpenda mama mkwe wake, ingawa hakuwahi kumwambia, na tangu Kifungo afe alikuwa ameona jambo. Bibi naye alikuwa anarudisha sahani nusu. Hofu yake hakuitamka kwa mtu: paka huyu naye akiondoka, atakayefuata kulala akitazama ukuta ni bibi.

Adhuhuri hiyo alikuja mteja mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, kujaribu gauni. Alipokuwa amesimama mikono juu, akachungulia kapuni.

"Fundi, huyu paka wako anatoa udenda."

"Amefiwa na mwenzake, mwalimu. Ana majonzi."

"Pole. Lakini mimi nimefiwa mara tatu," mwalimu alisema, "na sikutoa udenda."

Fundi alitoa pini mdomoni na kuinama. Kweli, kidevu cha Pindo kilikuwa kimelowa, na shingo yake inakwenda mbele na nyuma kama mtu anayetaka kutapika na hana cha kutapika. Bwana Mita alikuwa amerudi kula. Fundi alipomwambia anataka kumpeleka paka kwa daktari, kijiko kilisimama njiani.

"Daktari? Wa paka?"

"Wa mifugo. Si yuko pale karibu na mnada?"

"Yule ni wa ng'ombe, mke wangu. Watu watatucheka." Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameajiriwa miaka ishirini kuingia kwenye nyua za watu na kuchekwa na mbwa wao, na kicheko alikuwa amekichoka. "Paka ni paka. Atazoea."

Fundi alikuwa tayari anatoboa boksi matundu ya hewa. Alipofika mlangoni, bibi aliita bila kugeuza uso kutoka dirishani.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Urudi naye."

*

Kwenye benchi la daktari wa mifugo, fundi alikaa kati ya mzee mwenye mbuzi na mama mwenye kuku wanne waliofungwa miguu. Mzee alichungulia kwenye matundu ya boksi kwa muda mrefu.

"Huyo anatoa maziwa lita ngapi?" aliuliza, na benchi zima likacheka, mpaka mwenye kuku.

"Anayanywa tu," fundi alijibu. "Na siku hizi hata hayanywi."

Karani alikuwa na fomu yenye safu za ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Aliitazama, akamtazama fundi, akaandika kwenye safu ya mengineyo.

"Matumizi ya mnyama?"

"Matumizi?"

"Maziwa, nyama, mayai, ulinzi. Naandika nini?"

Fundi alifikiri. "Anakaa na mama mkwe wangu," alisema.

Karani aliandika ulinzi.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye buti za mpira na koti lililokatika kifungo cha pili, jambo ambalo fundi aliliona kabla hajauona uso wake. Hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya lori, ya kilio cha siku tatu na ya ukimya, kisha akamwambia amshike Pindo mabega. Akamfungua mdomo kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akasukuma kutoka chini ya taya mpaka ulimi ukainuka.

"Njoo uone," alisema.

Chini ya ulimi, mahali ambapo fundi hakujua kama paka ana mahali, palikuwa na uzi. Ulikuwa umezunguka shina la ulimi na kuzama kwenye nyama iliyovimba, na ncha yake moja ilikuwa imeshuka kooni.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Fundi cherehani."

"Nilikuwa nimeshajijibu," daktari alisema, lakini kwa upole. Aliukata uzi kwa mkasi mdogo, akatoa kipande kifupi na kukiweka kwenye karatasi, kisha akalipapasa tumbo la Pindo taratibu kama mama anayetafuta homa. "Tumbo bado laini, una bahati. Uliobaki umeshashuka. Tumpe siku tatu utoke wenyewe. Ukiuona umechungulia nyuma usiuvute hata kidogo. Utakata utumbo kama waya unavyokata sabuni. Akitapika, mlete siku hiyo hiyo, itabidi apasuliwe. Na ukitoka, hakikisheni umetoka wote. Kikibaki kipande tutakuwa hatujafanya kitu."

"Kumbe hayakuwa majonzi," fundi alisema.

"Majonzi yapo. Aliyezoea kucheza na mwenzake akibaki peke yake hutafuta cha kuchezea. Shida ni kwamba mkishasema majonzi, hakuna anayemfungua mdomo." Alimchoma Pindo sindano ya maji chini ya ngozi ya mgongo, na Pindo, kwa mara ya kwanza kwa siku mbili, akalalamika. "Swali moja. Huo uzi ulikuwa na sindano?"

Fundi alikuwa anaitazama karatasi. Kipande kile kilikuwa cha zambarau. Mwezi mzima alikuwa anashona sare za shule, nyeupe na bluu, na kwenye droo yake hakukuwa na zambarau. Gurudumu moja tu la uzi wa rangi hiyo lilikuwa ndani ya nyumba, naye mwenyewe alilinunua, kwa ajili ya bibi kutengenezea ukingo wa blanketi lake. Akakumbuka alasiri zile baada ya Kifungo kufa, bibi ameinama kutoka kitini na kipande cha kitambaa kimefungwa kwenye uzi, anakivuta sakafuni huku na huku. Njoo, anamwambia paka. Njoo, usikae hivyo.

"Sijui," alimjibu daktari. "Nitahesabu."

Alikunja karatasi na kuiingiza ndani kabisa ya mkoba.

*

"Amemeza uzi," alisema alipoingia, na kule dirishani mkono wa bibi ukasimama juu ya blanketi.

"Uzi gani?" bibi aliuliza.

"Wa sare, mama. Bluu. Umeanguka kutoka kwenye cherehani yangu."

Uongo ule ulitoka ukiwa umeshapigwa pasi. Alikuwa ameuandaa njia nzima. Alijua mumewe akisikia kweli atafanya nini: hatapaza sauti, atakwenda dirishani, atapiga goti, atasema mama, macho yako siku hizi, tukuwekee hilo bati mahali salama. Na bati lingekwenda kukaa na mkasi na funguo.

Bwana Mita hakumpigia fundi goti. Alikuwa amepata hofu, na hofu yake ilipenda kutoka kama hasira. Pale sebuleni alikuwepo mama mmoja aliyeleta kitambaa cha magauni mawili, lakini hilo halikumzuia.

"Nimesema mara ngapi? Nyumba nzima nyuzi. Mtu huwezi kula bila kutoa uzi mdomoni, huwezi kuvaa soksi. Sasa umemlisha paka. Mimi nashangaa hata wageni wanaketi wapi."

Yule mama alijitazama sketi, akaokota uzi mmoja mweupe, akasimama. "Kitambaa nitakileta wiki ijayo, fundi," alisema, na wote wawili walijua kwamba atakayekishona ni fundi mwingine.

Fundi alichukua ufagio na kufagia. Uso ulimuwaka. Alifagia hata mahali palipokuwa pasafi, na alipofika karibu na kiti cha dirishani miguu ya bibi ilijiinua kumpisha.

Bibi alipoingia kuoga, fundi alifungua bati haraka. Sindano zilikuwa saba. Alizihesabu mara mbili, akafunga kifuniko na kurudisha bati mahali pake. Kile ambacho hakukijua ni kwamba kifuniko kile kilikuwa na ua lililochorwa, na kwamba bibi, ambaye siku hizi hakuona uso wa mtu mpaka asogee, aliligeuza ua lile kila mara lielekee mlangoni; sasa lilielekea ukutani.

Usiku bibi alirudisha sahani yote.

*

Kukagua boksi la mchanga alimojisaidia Pindo aliamua Bwana Mita mwenyewe. Labda alikuwa anajutia maneno yake. Kuomba radhi hakukujua, lakini kukagua alikujua. Kila asubuhi kabla ya kazi, akiwa amevaa sare ya idara, alichuchumaa na tochi yake ya kusomea mita, akafukua kwa kijiti, na kutangaza matokeo.

"Hakuna mabadiliko."

Siku ya pili Pindo alilamba mchuzi wa samaki kwenye kidole cha fundi, mara tatu, na akalala. Hakutapika. Bibi alikuwa ameomba kapu lisogezwe karibu na kiti chake, na alikaa pale siku nzima, mikono mapajani, bila kushona. Fundi alimwuliza kama macho yanamsumbua.

"Macho hayana tatizo," bibi alisema. "Macho ndiyo ya kusingiziwa tu."

Asubuhi ya siku ya tatu tochi ilikaa ndani ya boksi muda mrefu kuliko kawaida. Kisha Bwana Mita akaita, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Umetoka. Mke wangu, umetoka."

Aliuosha bombani kwa mikono yake, mwanaume aliyesema paka ni paka, akauleta mezani ukiwa unachuruzika maji juu ya kipande cha gazeti. Ulikuwa mrefu, umejikunja, na kwenye ncha moja ulikuwa na fundo. Akauinamia.

"Mbona hii siyo bluu?"

Fundi aliacha pedali ya cherehani. "Umebadilika rangi tumboni," alisema.

"Umebadilika ukawa zambarau?"

"Tumbo lina mambo mengi."

Bwana Mita aliikubali kemia hiyo, au aliisogeza kando, maana alikuwa na wasiwasi mwingine. "Daktari alisema uhakikishwe umetoka wote. Ulikuwa na urefu gani?"

Fundi alishika futi iliyomning'inia shingoni. Angeweza kutaja urefu wowote. Mtu aliyeshadanganya mara mbili hashindwi ya tatu. Lakini Pindo alikuwa ametoka kapuni, amekaa sakafuni, mifupa ya mabega imemtoka kama kiango cha nguo, anamtazama. Akitaja urefu wa uongo na kipande kikawa kimebaki, atakuwa amemwua kwa futi ya kupimia. 

"Hajui," bibi alisema. "Hawezi kujua. Mwanangu, nipe futi. Na kile kipande cha kwanza alichokata daktari, kilete."

"Nilikitupa, mama."

"Hukukitupa. Wewe huwezi kutupa uzi, nakufahamu. Kilete."

Fundi alikwenda kwenye mkoba na kuleta karatasi. Bibi alisimama mwenyewe, akaja mezani, akanyoosha uzi mrefu juu ya futi kwa vidole viwili, pole pole, bila kuuvuta. Akamwambia mwanawe asome.

"Inchi thelathini na mbili," alisoma Bwana Mita.

Akalaza kipande kifupi mbele yake, ncha kwa ncha.

"Nne."

"Thelathini na sita. Yadi moja." Bibi alishusha pumzi ambayo ilionekana amekaa nayo tangu juzi. "Sijawahi kukata uzi wa mkono ukazidi yadi wala ukapungua, tangu nikiwa msichana kiwandani. Umetoka wote. Hakuna kilichobaki tumboni. Mpe huyo paka chakula."

Bwana Mita aliutazama uzi, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake.

"Ni wangu," bibi alisema. "Na fundo hilo ni langu. Nilikuwa namchezesha asahau. Nikasinzia. Nilipoamka nikakikuta kitambaa, uzi sikuuona, nikajisemea umedondoka mahali fulani. Mimi, nikasema mahali fulani." Aligusa fundo kwa kidole. "Mkeo alijua tangu kwa daktari. Akachukua lawama yangu, ukamsema mbele ya mteja, na mimi nimekaa hapo dirishani siku mbili nasikiliza. Niliogopa mtaninyang'anya. Mficha maradhi kilio humfichua. Wazee wamesema, nami nimelisema mara mia kwa wengine."

Akachukua bati kutoka kwenye kibindo cha kanga, akaliweka mezani mbele ya mwanawe, akarudi kwenye kiti chake. Kurudi kulimchukua muda. Fundi alitaka kumshika mkono, akaona asimshike.

"Mama, mimi sikutaka..." fundi alianza.

"Najua ulichotaka, mwanangu. Ahsante. Usirudie."

Bwana Mita alibaki amesimama na sare yake, tochi bado inawaka mkononi. Alikuwa amechelewa kazini. Alimgeukia mkewe na kusema, "Yule mama wa kitambaa, nitapita kwake leo. Mita yake iko kwenye njia yangu." Kwa mtu wa namna yake huo ulikuwa msamaha mrefu, na fundi aliupokea kwa kuinamisha kichwa, ingawa alijiahidi kumkumbusha mengine jioni.

Kisha Bwana Mita akalifungua bati.

"Zimo ngapi?"

"Saba," bibi alisema, akiangalia dirishani.

Alizihesabu kwa kidole na kwa sauti, kama anavyosoma tarakimu kwenye nyua za watu, moja mpaka saba. Akafunga kifuniko. Akalipeleka bati dirishani na kuliweka mapajani mwa mama yake.

"Jioni nikirudi nitazihesabu tena. Kila siku. Uzi ukikatwa yadi, irudi yadi. Kikipungua kitu, hakuna anayelala hapa mpaka kipatikane."

Bibi alilishika bati kwa mikono miwili. Machozi yalimjia na hakuyaficha.

"Msimamizi wetu wa kiwandani," alisema baadaye, "alikuwa anavaa tai."

*

Pindo alirudi kula kidogo kidogo, kwanza mchuzi, kisha samaki aliyepondwa, kisha siku moja akaiba kipande mezani na nyumba nzima ikafurahi. Kapu hakulitaka tena. Alihamia mapajani mwa bibi, na nyuzi zote sasa zilikaa kwenye kopo lenye kifuniko. Jioni nyingine bado alikwenda mlangoni, akakaa akitazama barabara kwa muda, akarudi.

Zamani Bwana Mita akitoka kazini alikuwa anapita pale dirishani akisema shikamoo mama huku anavua viatu, na kabla marahaba haijaisha alikuwa ameshafika chumbani. Sasa alivuta kigoda. Kuhesabu sindano saba ni kazi ya nusu dakika, lakini fundi, akiwa kwenye cherehani yake, aliona kazi ile inazidi kurefuka. Ilianza kuchukua dakika tano. Ikachukua muda wa kikombe cha chai. Bibi alikuwa akimsimulia habari za kiwandani, mwanamke aliyeshona kidole chake pamoja na kola, siku mashine zote zilipozimika wakaimba mpaka umeme ukarudi, mambo ambayo mwanawe, mtu wa miaka hamsini kasoro, hakuwahi kuyasikia kwa sababu hakuwahi kukaa.

Jioni moja alikuwa amechoka, buti zake zina matope ya mifereji, amefika mpaka saba na kufunga bati. Akashika magoti ili ainuke.

"Hesabu tena," bibi alisema, mkono juu ya mgongo wa paka. "Kuna moja sina hakika nayo."

Alimtazama mama yake. Sindano zote saba zilikuwemo, na wote watatu mle ndani walijua hivyo. Akakaa, akafungua kifuniko, akaanza upya, pole pole.